Sauti Aliyopewa Mtoto wa Chuma

Sogeeni karibu, ndugu zangu, na mwenye kucheka acheke mapema, maana mbele ya safari kicheko kitamkwama kooni.

Nyumba ya fundi wa kuchomea vyuma ilikuwa nyumba ya raha, mlango wake haukujua kufungwa. Jumapili hiyo mkewe alikuwa sebuleni akikunja nguo zilizokauka. Wapwa zake fundi, watoto wa dada yake, walikuwa wamebanana kwenye kochi kama vidole ndani ya kiatu, wakitazama sinema na babu yao. Huyo babu ndiye baba mzazi wa fundi, aliyehamia hapo baada ya kufiwa na mkewe. Fundi mwenyewe alikuwa uani anapaka rangi dirisha la mteja, binti yake mdogo kamshikia kopo.

"Baba, kwa nini chuma kinapakwa rangi?"

"Kikikaa uchi, kutu inakila, mama."

"Na kutu ikimaliza chuma inakula nini?"

"Inakula watoto wenye maswali mengi."

Binti akacheka mpaka rangi ikamwagikia kidoleni.

Mnaweza kuyaona hayo ni maongezi ya kawaida. Si ya kawaida hata kidogo. Fundi ana kigugumizi, tena kizito. Kwa wateja huongea kwa vidole na chaki. Simu ikilia hupokea mkewe. Hata kwa mkewe, neno humgharimu jasho. Lakini kwa binti huyu, tangu akiwa wa kubebwa, ulimi wake hutiririka kama bomba. Sababu hakuijua, na hakuthubutu kuichunguza, kama mtu aliyebeba maji kiganjani asivyothubutu kuchezesha vidole. Ilikuwa ndiyo mali yake pekee ambayo hakuitengeneza kwa moto.

Basi, brashi ikiwa bado mkononi, akasikia sauti kutoka sebuleni.

"Mi-mi-mimi Ki-Kibati ni-nimetoka nyo-nyotani. Na-naombeni u-urafiki."

Wapwa wakaangua kicheko. Brashi ikasimama.

Hapa inabidi niwarudishe nyuma kidogo. Yule babu ujanani alikuwa mtafsiri wa sinema, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Mtafsiri. Chumba chake cha mbele kilikuwa ukumbi wa video, mabenchi ukuta kwa ukuta. Sinema zilikuja kwa lugha ya wenyewe, kwa hiyo yeye alipunguza sauti ya televisheni, akashika kipaza sauti, akawasemea wote: jambazi yeye, askari yeye, mama mkwe yeye.

Iliyopendwa kupita zote ilihusu mtoto wa chuma aliyeanguka kutoka angani, akapelekwa shule ya watoto wa binadamu. Wenzake wanamficha begi, wanamfungia chooni, mwisho wanamfungua skrubu moja moja mpaka anashindwa kusimama. Aliyeitengeneza alitaka watu walie. Mtafsiri alijua ukumbi unaolia haurudi kesho. Akaona ampe yule mtoto sauti ya kuchekesha, na kuitafuta hakwenda mbali: alikuwa na mwanawe wa kiume anayekula naye sahani moja.

Siku ya kwanza mwanawe alikuwa benchi la mbele, meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Alicheka na yeye. Alicheka mpaka alipoona vichwa vinamgeukia.

Jumatatu shule nzima ikamwita Kibati, jina ambalo Mtafsiri alimpa yule mtoto wa chuma. Wakamficha begi. Wakamfungia chooni. Sinema walikuwa wameshaiona, hawakuhitaji mwalimu. Mama yake alimwambia mumewe, "Mtoto karudi begi limekojolewa. Iache hiyo sauti." Mtafsiri akajibu, "Mwache akomae. Mimi nimemfanya maarufu." Na watu wakazidi kujaa. Mtoto akaacha shule, akakimbilia karakana ya vyuma, ambako kelele za mashine hazimpi mtu nafasi ya kukuuliza jambo.

Ukubwani aliitafuta sinema ile kwenye simu, akaitazama na sauti yake yenyewe. Hakujua neno hata moja la lugha ile, ila moja alilijua kwa hakika: mtoto wa chuma hakuwa na kigugumizi. Aliongea vizuri, polepole, kama anayesoma barua ya mtu anayempenda. Kigugumizi kilitoka kwao nyumbani. Fundi akazima simu, akarudi kwenye mashine.

Na sasa sauti ile ilikuwa sebuleni kwake.

Aliingia na brashi inadondosha rangi sakafuni, binti nyuma yake. Kwenye televisheni walikuwa wanafungua skrubu. Babu alikuwa kapunguza sauti ya televisheni, anamsemea Kibati kama zamani, raha imemjaa, wapwa wameshika matumbo.

"Ba-baba," fundi akasema. "Zi... zi..."

Alitaka kusema zima. Chumba kizima kikamsubiri. Na babu, bila kugeuka, labda bila hata nia mbaya, maana mazoea yana tabu, akajibu kwa sauti ileile:

"Zi-zi-zima moto, ba-bati langu linaungua."

Nyumba ikapasuka. Wapwa walianguka chini. Mkewe aliuma mdomo, akajificha nyuma ya shuka alilokuwa anakunja. Fundi hakuwatazama hao. Aligeuka kumtazama binti yake.

Alikuwa anacheka. Pengo wazi, kidole chenye rangi kimemnyooshea.

"Baba ndiye Kibati," akasema.

Fundi akachomoa waya ukutani.

"Mume wangu, ni utani tu," mkewe akasema.

"Utani, mwanangu," babu akaongeza. "Mpaka leo hujakua? Watu walikuwa wanakanyagana kuisikia sauti hiyo."

Lilichukua muda jibu lake, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Sa-sauti ni ya-yangu, baba. U-uliichukua. Hu-hukuirudisha."

Mzee aliyewahi kuwasemea majambazi na malaika akainuka, akaingia chumbani kwake.

Jioni hiyohiyo babu alihamishiwa kwa dada yake fundi, na wapwa wakaacha kuja. Mtaani wapo wanaosema fundi kapitiliza, baba ni baba hata akikosea. Waacheni waseme. Hawakuona ya asubuhi yake.

Asubuhi fundi alimsindikiza binti shule kama kawaida, wamefuata ukuta wa kiwanda, mkoba kauning'iniza begani yeye.

"Baba, leo tunasoma sayari. Ya mbali kuliko zote ni ipi?"

Jibu alikuwa nalo. Akafungua mdomo kwa uzembe uleule aliouzoea mbele ya mtoto huyu.

"Ya... ya..."

Akasimama. Akajaribu tena. Binti alimtazama akitabasamu, akidhani ni mchezo, kisha akaiona mishipa ya shingo. Tabasamu likaondoka. Akamshika mkono, akambembeleza kama mtu mzima anavyombembeleza mgonjwa.

"Basi, baba. Usijisumbue. Nitamuuliza mwalimu."

Mpaka leo maswali yote anampelekea mwalimu.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kasoro ya mtoto si mtaji wa kuchekeshea wageni. Ukimcheka nyumbani, umewapa walimwengu ruhusa, nao hawatakuuliza waishie wapi. Utani ambao mmoja peke yake haucheki si utani, ni kipigo, na anayecheka benchi la nyuma ana fungu lake sawa na aliyeshika kipaza sauti. Msijidanganye kwamba mtoto atakua asahau. Atakua, ataoa, atajenga, na siku atakapodhani amepona, kicheko chenu kitamfuata mpaka kwa mwanawe. Samahani huombwa mapema. Ikichelewa humkuta mtu hana tena sauti ya kuijibu.