Koo Halikusonga

Sindano ilianguka kutoka juu ya trela, ikaingia ndani ya kachumbari ya Akurut.

Ilikuwa mchana pale Malaba. Foleni ya malori imenyooka mpaka mwisho wake huuoni, madereva wamelala chini ya magari, lami inanuka dizeli na mkojo. Akurut alikuwa anapita na karai ya mayai boilo, leso ya manjano imefungwa kiunoni, nywele amesuka na uzi mwekundu.

"We uko huko juu," akaita. "Hii ni chakula, si turubai."

Obuya akachungulia. Kijana mrefu wa Sio Port, kule ziwani, kofia nyuma mbele, uzi wa nailoni umeshikwa na meno. Kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori yaliyoraruka njiani.

"Pole dada. Usiuzie mtu hiyo kachumbari. Atameza sindano."

"Na akimeza?"

"Nitakuja nimshone."

Akurut hakutaka kucheka lakini alicheka. Obuya akashuka, akataka kuingiza vidole kwa bakuli. Akurut akampiga kofi ya mkono.

"Na hizo vidole za grisi? Sasa hii yote ni yako. Kula polepole."

Alikula yote amesimama, anatafuna kama mzee hana meno, mpaka akaipata. Akaifuta, akaichomeka chini ya kola ya shati, mahali yake ya kila siku. Tangu hiyo siku akawa mtu wa mayai, hata tumbo likikataa.

Simu nazo zikaanza.

"Fundi, umekula?"

"Mayai yako itaniua, mpenzi."

"Kufa tu. Nitakuja nikushone."

Kitu moja ilimsumbua Akurut. Jioni vijana wote wa pakingi wanakimbilia chang'aa na waragi ya ng'ambo, Obuya anashika soda. Akurut akadhani ameokoka. Kumbe kanisa hata haendi.

Siku baba yake, Mzee Okiria, alisema anataka kumuona huyo kijana, Akurut akapiga simu na furaha.

"Papa amekuita nyumbani. Kutakuwa na chungu ya ajon. Wanaume wanakaa wanazunguka, kila mtu na mrija yake, na wewe utapewa yako. Ukipewa mrija na sisi Wateso umeshakuwa mtu wa boma."

Kwa simu zikasikika lori tu.

"Umekata?"

"Niko. Akurut, mimi pombe sigusi."

"Si ni ya wimbi tu, hata akina mama wanakunywa. Onja kidogo tu."

"Hakuna kidogo kwangu. Nilikunywa na ndugu yangu Okinyi pale Sio Port. Yeye alipofuka, akakufa akiniuliza kama ni usiku. Na mimi nilitoka kwa matanga yake nikaenda kunywa. Unasikia? Nilikuwa siwezi tunga uzi kwa sindano. Nikivuta moja sitaacha."

Akurut akasema, "Basi weka mrija mdomoni, usivute. Nani atajua?"

Ndiyo wakakubaliana hivyo. Ujinga wa watu wawili wanapendana.

Boma lilikuwa limefagiliwa vizuri. Akurut alivaa gomesi ya buluu ya mama yake, mabega yamesimama. Obuya shati nyeupe, viatu ameomba kwa rafiki. Chungu katikati, mirija mirefu imelala kama fimbo, mama akizunguka na birika, anamimina maji ya moto ajon ikishuka. Mzee Okiria alikuwa mnene tumbo, mwembamba miguu, macho ya njano. Alicheka sana.

"Yoga, karibu, kijana wa samaki. Huku hatuna ziwa. Ziwa letu ni hii."

Obuya akashika mrija na mkono wa kulia, akaweka mdomoni, akafunga macho. Harufu ilimpanda mpaka kwa ubongo. Hakuvuta.

Amu yake Akurut, Oluka, alikuwa amekaa mbele yake. Mtu wa kuangalia watu.

"Koo lake halikusonga," akasema.

Mama akasimamisha birika hewani.

"Amekaa hapo anabusu mrija tu. Nani anaogopa kuvuta kwa chungu? Ni mwenye anajua ameweka nini ndani."

Obuya akamwangalia Akurut. Akurut akaangalia miguu yake. Angesema neno moja ingeisha. Hakusema. Obuya akaamka, akatoka, hakuna mtu alimsindikiza.

Akampigia Akurut simu barabarani. "Ulinyamaza."

"Ningesema nini? Kwamba mimi ndiye nilifundisha mgeni kudanganya papa?"

"Ndiyo. Hiyo."

Obuya akakata.

Juma haikuisha, Mzee Okiria akaanguka. Tumbo limefura kama ngoma, anatapika damu. Wakambeba mpaka hospitali ya Alupe, Akurut akaenda kumuuguza. Malaba nzima ikasema ni kijana wa Sio Port. Vijana wakamngoja Obuya chini ya trela na mawe. Oluka mwenyewe akawazuia.

"Usiniite mbaya," akamwambia Obuya. "Kama mkono wako ni safi, njoo uvute mbele ya watu, kwa chungu ile ile. Ukikataa, Malaba usikanyage tena. Na huyo msichana sahau."

Obuya akapiga simu ya Akurut. Imezimwa. Akapiga tena asubuhi. Imezimwa. Chaji ilikuwa imeisha tu, huko wodini hakuna mahali ya kuweka, lakini yeye atajuaje? Akajiambia, hata yeye anaamini nimewekea baba yake sumu.

Akaenda.

Alipovuta mara ya kwanza, akina mama wakapiga vigelegele. Koo lilisonga. Wote waliona. Akavuta tena bila kuambiwa. Oluka akampiga mgongo: "Sasa huyu ni mkwe."

Hapo ndipo boda ikaingia na vumbi. Akurut alishuka na leso ya manjano, imechafuka, na uzi mwekundu umefumuka.

"Papa ako hai," akasema. "Daktari ameona ini. Imeoza na pombe, ya miaka yote. Na papa amesema mwenyewe kijana hana makosa. Hata mrija, ni mimi nilimwambia asivute. Pombe ilikuwa inamuua huyu zamani, mimi nilijua, na nikanyamaza."

Wanaume wakaachilia mirija, mmoja mmoja. Oluka wa mwisho. Obuya hakuachilia.

Akurut akapiga magoti kando yake. "Obuya. Twende."

"Kidogo tu, mpenzi."

"Obuya, mimi nimekuja."

"Nimeona. Kaa kwanza, nimalizie hii. Sasa si tutaoana?"

Alikuwa anacheka, lakini macho haikuwa yake. Akurut akaingiza vidole chini ya kola ya shati nyeupe, akatoa sindano, akaichomeka kwa leso yake.

"Hii utaipata kwangu, ukiweza kuitunga uzi."

Obuya akatoa mrija mdomoni. Mama yake Akurut, ambaye hakujua afanye nini na mikono yake, akainamisha birika, akamimina maji ya moto, na chungu ikajaa tena.

Obuya akarudisha mrija mdomoni.