Mbwa Aliyefungiwa Stoo

Mama mkwe wangu alikuwa haoni tena. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda chake mlangoni pa jiko, akinisubiri nitoke kukamua. Alinijua kwa mlio wa ndoo.

"Mkwe, maziwa yamepanda au yameshuka?"

"Yameshuka, Mama. Yule ng'ombe mwekundu ana visirani."

"Kama mwanangu," alisema, tukacheka.

Lakini tangu baba mkwe afariki, kicheko chake kilikuwa kifupi. Aliomba kitu kimoja tu.

"Jike lenu la mbwa likizaa, nipeni mtoto mmoja nimpakate. Mikono yangu imekaa bure."

Jike letu lilikuwa la mbwa wadogo, wale ambao hata wakikua hawafiki magotini. Likazaa watoto watatu. Mama alifurahi sana.

Mume wangu alikuwa na hesabu zake. Wezi walikuwa wamembebea kuku, na hasira ilikuwa bado haijamwisha. Sisi wafugaji tuna imani yetu: mtoto wa mbwa akifungiwa asione watu, atakuwa mkali. Watoto walipofika wiki ya tatu, akawatia kwenye stoo ya pumba na kufunga mlango. Mama yao aliingizwa jioni tu.

"Baba watoto, mbwa wa kujaa kiganjani utamfanya askari?" nilimuuliza.

"Ukali si urefu. Mbona wewe mfupi?"

Nikacheka, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu. Nilikuwa nikisukuma sahani ya chakula mlangoni mara mbili kwa siku, basi. Asubuhi moja ya baridi nilimkuta mmoja amelala, amelegea, anatetemeka. Kabla ya saa sita alikuwa amekufa.

Walipofika miezi mitatu, mume wangu alifungua mlango. Gari la maziwa lilikuwa linaingia uani. Wale watoto hawakuwahi kuona gari. Mmoja alikimbia ovyo, akaingia chini ya tairi. Dereva alishuka amejishika kichwa. Wa tatu alijificha chini ya tangi la maji, akakaa huko. Hakubweka, hakulia. Tukamwita Kimya.

"Huyo aliyebaki nileteeni," Mama alisema.

Mume wangu alimvuta kwa nguvu, akamweka mapajani pa Mama. Kimya alimng'ata mkono, akaruka, akarudi chini ya tangi. Damu ilitoka. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima, tukampeleka Mama hospitali siku ileile. Akachomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa.

Kesho yake daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki. Alikuwa dada kijana. Alichuchumaa mbali kidogo na tangi, akamtazama Kimya kwa muda mrefu.

"Huyu si mkali," alisema. "Anaogopa."

"Anaogopa nini, na ameuma mtu?" mume wangu alibisha.

"Ameuma kwa woga, Baba. Mlimfungia wapi?"

Hatukuweza kumdanganya. Tukamwambia yote, hata yule wa asubuhi ya baridi.

"Mbwa wadogo hivi hupata baridi haraka, na njaa huwaangusha," alisema. "Wakianza kula, wape kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Wasitengane na mama yao kabla ya wiki nane. Na kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili, ndipo wanapojifunza nani rafiki. Watu, kuku, ndoo, gari. Wakivizoea kwa upole wakati huo, hawaviogopi ukubwani. Huyu wakati huo aliupitisha gizani."

"Kwa hiyo huyu ndiyo basi?"

"Mwekee chakula, kaa, geuza uso, usimvute. Huenda atakuja. Siahidi."

Mume wangu aliinama. "Ni mimi," alisema.

Tangu siku hiyo Mama alianza kazi yake. Kila asubuhi alinyoosha mkono uleule uliong'atwa, kipande cha mkate kiganjani.

"Kimya, njoo, mwanangu. Sikulaumu."

Kimya hakuja. Mama alikiacha chini, akaingia ndani. Hapo ndipo Kimya alitoka, akala upesi, akarudi.

Mwaka uliofuata jike letu lilizaa tena, watoto wanne. Safari hii daktari aliitwa mapema. Tuliwaweka kwenye boksi karibu na jiko, pamoja na mama yao, matambara makavu kila siku. Wiki ya pili wakapewa dawa ya minyoo, na daktari akatuandikia tarehe za kurudia. Chanjo ya kwanza ilikuwa wiki ya sita. "Zinarudiwa," alionya. "Mpaka ziishe, wasitoke getini. Kila anayewashika anawe mikono."

Shule yao ilikuwa mapaja ya Mama. Alimpakata mmoja mmoja, dakika chache, akimpapasa masikio na vidole vya miguu. Mimi niligonga ndoo kwa mbali, kisha karibu. Dereva wa maziwa aliacha injini ikinguruma nje ya geti wakati wakila. Mdogo kuliko wote alizoea kulala ndani ya kanga ya Mama.

"Mkwe, mikono yangu imepata kazi!" alisema. Alicheka kile kicheko chake cha zamani.

Walipofika wiki ya saba, kifua kilimbana Mama. Hakumaliza siku tano.

Watu walijaa uani. Wale watoto wa mbwa walipita katikati ya waombolezaji bila woga. Dada yake Mama alikuwa analia, na yule mdogo akamlamba vidole. Daktari alikuwapo, akaniambia, "Mmewalea vizuri." Nilitaka Mama asikie.

Wageni walipoondoka, asubuhi nilitoka na ndoo yangu. Kimya alikuwa amekaa mbele ya kigoda kitupu. Anasubiri mkate. Niliweka ndoo chini, nikalia kwa sauti.

Mume wangu alitoka na kipande cha mkate. Hakukalia kigoda. Alikaa mchangani, akageuza uso, akanyoosha mkono. Kimya alirudi nyuma, akakimbilia tangini.

Akafanya hivyo kesho yake, na kila siku baada ya hapo, miezi miwili.

Jana Kimya aliuchukua mkate mkononi mwake. Mume wangu hakusogea. Machozi yalimtiririka, kiganja kikiwa bado wazi.

"Mama," alisema, "amekuja."