Pilipili Hoho Juu ya Ukanda wa Manjano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dafina alichukua ufagio na ndoo ya maji ya sabuni, akatoka nje kusafisha njia ya shangazi yake.

Shangazi Ratka, dada wa baba yake, alikuwa haoni tangu utotoni. Alifanya kazi ya kukanda viungo vya wagonjwa katika zahanati moja mjini Strumitsa, na alikwenda kazini peke yake kwa miguu. Fimbo yake nyeupe ilifuata ukanda wa manjano uliojengwa kando ya barabara, wenye matuta membamba ya kumwongoza asiyeona. Haukuletwa na upepo ukanda ule. Shangazi Ratka na wenzake waliuhangaikia miaka mingi. Manispaa iliwaambia njoo kesho, njoo kesho, mpaka siku moja wakagoma kuondoka mlangoni. Ulijengwa majira ya kuchipua yaliyopita.

Na watu waliufanyia nini? Dafina akiutazama aliona kinyaa. Kulikuwa na mavi ya mbwa, makohozi na vichungi vya sigara vilivyolowa. Mbele ya mkahawa wa jirani yao Ilcho, meza na viti vilipangwa juu ya ukanda wenyewe, na chini yake yalitapakaa maganda ya mbegu za alizeti, yametemwa hivi punde, yangali na mate.

"Mjomba Ilcho, hapa ni njia ya wasioona," Dafina alimwambia asubuhi moja. "Shangazi atapita wapi?"

"Si atanizunguka tu!" Ilcho alijibu huku akifuta meza. "Asiyeona ni mmoja, wateja wangu ni mtaa mzima. Nenda shule, mwalimu mdogo, usije ukachelewa kwa kunifundisha mimi."

Wateja wakacheka. Mmoja akatema ganda palepale, karibu na kiatu cha Dafina. Msichana akaondoka kwa hasira na kinyaa.

Hasira yake ilikuwa na sababu. Wiki moja kabla, shangazi alijikwaa kwenye kiti cha mkahawa akachubuka goti. Usiku ule baba yake Dafina, Trayan, aligonga meza. "Ratka, ukianguka tena, basi! Nitakupeleka kazini kwa gari na kukurudisha. Siku nisiyokuwepo, utakaa nyumbani."

"Mimi si gunia la viazi, kaka," Ratka alijibu. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa alimjua kaka yake. Akisema basi, ni basi.

Ikafika Jumamosi ya ajvari. Septemba ikiingia, Strumitsa nzima hunuka pilipili hoho nyekundu zinazochomwa, kisha humenywa, husagwa na kupikwa mpaka ziwe rojo zito liitwalo ajvari, la kuwekwa chupani kwa ajili ya majira ya baridi. Nyumba isiyo na ajvari si nyumba, ni stesheni. Kila familia hutoa jiko la kuni nje ya lango, na familia ya Dafina ililiweka lao mahali palepale lilipowekwa tangu Bibi alipoolewa. Hakuna aliyetazama chini.

Kazi ya Dafina ilikuwa kumenya. Alichuna maganda yaliyoungua, meusi na yenye utelezi, akayatupa kwenye ndoo pembeni. Mengine yaliingia, mengine yakaanguka nje. Mdomo nao haukupumzika.

"Wachafu wale, Bibi! Hawana hata haya! Wanatema ovyo kama vile barabara ni yao!"

"Menya, mjukuu wangu, pilipili zinapoa," Bibi alisema.

Adhuhuri Shangazi Ratka alirudi kutoka zamu ya asubuhi. Dafina aliisikia fimbo yake ikija, akafurahi kwamba leo amevuka mkahawa salama. Kisha fimbo ikagonga ndoo. Shangazi akasogea pembeni, mguu ukakanyaga maganda, ukateleza. Alipotapatapa kutafuta pa kushika, kiganja chake kikagusa ubavu wa jiko.

Ukelele wake uliwatoa watu majumbani. Ilcho alikuja mbio na barafu kutoka mkahawani, akaifunga kwa kitambaa na kuiweka kwenye kiganja kilichoungua. Ndipo akatazama chini, kisha akamtazama Dafina.

"Na jiko hili, mwalimu mdogo? Wiki nzima unanisimanga, kumbe nyani haoni kundule!"

Dafina naye akatazama. Ukanda wa manjano ulikuwa chini ya jiko na ndoo, hauonekani. Palikuwa na maganda meusi yaliyopondwa, mbegu zilizonata, na maji mekundu yenye utelezi. Alishikwa na kinyaa kibaya kuliko cha mavi ya mbwa, kwa sababu uchafu huu ulikuwa wake.

Baba akatoka. "Nilisema! Kuanzia Jumatatu hutoki peke yako, Ratka!"

"Labda paka ndiye aliyesogeza ndoo," Mama alijaribu kutuliza mambo.

Paka angefaa sana. Dafina angeweza kunyamaza, na paka asingekana. Lakini aliona mabega ya shangazi yakilegea kama ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Si paka, Mama. Ndoo niliiweka mimi, na maganda niliyatupa mimi. Jiko tumeliweka sote." Alimgeukia baba yake huku akilia. "Baba, shangazi hakukosea hata hatua moja. Amefuata njia yake. Waliomwangusha ni sisi tunaoona, sasa mbona anafungiwa yeye?"

Baba akaumwagia moto maji, akaviringisha vitambaa mikononi. Kisha akasema, "Ilcho, shika upande ule." Wakalibeba hadi uani, Bibi akilalamika kwamba nguo zake zilizoanikwa zitanuka moshi.

Dafina aliusugua ukanda mpaka manjano yakarudi. Kisha akapita lango kwa lango. Safari hii hakumsimanga mtu. "Jiko letu limemwunguza shangazi yetu," alisema. "Tumelitoa. Tafadhali toeni na lenu." Wengine walinung'unika, lakini majiko yakaingia uani moja baada ya jingine. Jioni Ilcho akavuta viti vyake hadi ukutani bila kuombwa, akafagia maganda ya alizeti.

Jumatatu asubuhi Shangazi Ratka alivaa koti, mkono wake mmoja ukiwa na bendeji.

"Nisamehe, Shangazi," Dafina alisema.

"Nimekusamehe. Ila sikiliza, mwanangu. Uchafu wa jirani hunuka upesi, wa kwetu tumeuzoea. Anayedai haki mtaani aanze na lango la kwao. Nami sihitaji kuonewa huruma na mtu. Nipisheni njia tu, mengine nitafanya mwenyewe."

Baba alisimama langoni, ufunguo wa gari mkononi. Shangazi Ratka alipomkaribia, Baba alitoka kwenye matuta ya manjano, akautia ufunguo mfukoni.

Shangazi akapita, fimbo ikimtangulia, akaenda zake kazini peke yake.