Mgeni Rasmi wa Sinema ya Magendo

Ncha ya kisu cha kupasulia mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ilikuwa mgongoni mwangu.

Maikrofoni mkononi.

Na kwenye televisheni mbele yangu, uso wa kaka yangu Bakari umejaa kioo kizima, katoni ya sigara za magendo iko begani...

Aliyekaa benchi la kwanza akinywa soda ni OCS, mkuu wa kituo cha polisi!

"Tafsiri," Shitanda akaninong'oneza kwa nyuma. "Na utafsiri mzuri."

Jamani, ngojeni kwanza niwaeleze hii balaa ilianzaje, maana hapa mtasema Zeituni anatia chumvi.

Ni Manyatta, Kisumu, mwaka wa 1993. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Mimi Zeituni binti Saleh, miaka ishirini na minne, mdomo kama cherehani. Baba alikuwa Mswahili aliyekuja na kazi ya reli, mama Mjaluo wa Ugenya, kwa hiyo lugha zote mbili nilizinyonya nikiwa mchanga.

Kazi yangu ilikuwa ukumbi wa video. Nyumba ya mabati, mabenchi, televisheni moja na deki. Ikiwekwa sinema ya Wachina, mimi nasimama pembeni na maikrofoni nawaambia watu Wachina wanasema nini.

Mnauliza Kichina nilijifunza wapi?

Sikukijua hata neno moja!

Nilikuwa natunga. Mchina akikunja uso, nasema mke wake amerudi kwao bila kuaga. Akiruka teke, nasema amekumbuka deni la shemeji. Watu walicheka mpaka wakadondoka kwenye mabenchi. Wengine walikuja kunisikia mimi, si kuangalia sinema. Na nisiwafiche, makofi yale yalinilevya.

Mwenye ukumbi alikuwa Mzee Zadock Amolo. Mbele ya watu, tajiri wa samaki. Nyuma ya pazia, sigara zilizokuwa zikivuka ziwa bila ushuru na kushukia Port Victoria chini ya barafu na mbuta, zote zilikuwa zake. Alikuwa na maboti matano, wake watatu, na huyo Shitanda, mlinzi wake, mtu ambaye mlangoni anapita kwa ubavu.

Siku moja Zadock aliangalia sinema ya jambazi mpaka mwisho, akasonya.

"Huyu ni mwongo. Anapigana na watu ishirini na shati inabaki nyeupe? Mimi nitatengeneza yangu. Na uongo haiko ndani!"

"Mzee, sinema zote ni uongo," nikamwambia.

"Ya Zadock hapana."

Akamwita Dishon, mpiga video wa harusi. Maskini Dishon hakuwahi kupiga kitu kingine isipokuwa maharusi na keki. Siku hiyo akapewa udairekta.

"Na wewe Mzee, utaigiza kama nani?" Dishon akauliza.

"Kama Zadock."

"Na boti?"

"Zile zangu."

"Na sigara?"

"Kwani wewe umesikia Zadock anakosa sigara?"

Wasomaji wangu, hawakuigiza chochote! Walipanda boti kama siku zote, wakavuka kama siku zote, wakabeba mzigo kama siku zote, Dishon nyuma yao na kamera. Hata sajenti aliyekuwa anapokea bahasha pale ufukweni alikuwa yule yule wa siku zote. Alipoambiwa kuna kamera, alichana nywele kwanza.

Mimi roho ilinitoka niliposikia. Bakari ndiye alikuwa nahodha wa boti la kwanza. Wazazi wetu walikuwa wametangulia mbele za haki. Sikuwa na mtu mwingine duniani.

Nilimwendea Zadock, nikampigia magoti.

"Mzee, chonde. Uso wa kaka yangu usionekane. Polisi wakiuona ni jela."

"Nyathina," akaniambia kwa upole, mtoto wangu, "uso haitaonekana. Kisogo peke yake. Haki ya Mungu."

Nikamwamini... Wallahi, nikamwamini!

Sasa ikaja siku ya uzinduzi. Na sisi Wakenya mnatujua. Hata choo cha shule hakifunguliwi bila mgeni rasmi, maua na hotuba. Zadock alimtafuta DC, mkuu wa wilaya, akaambiwa ana mkutano. Akamtafuta mheshimiwa mbunge, akaambiwa yuko Nairobi. Askofu alifunga mlango.

Akabaki mmoja. OCS mpya, Inspekta Wahome, aliyekuwa amehamishiwa mjini wiki moja tu kabla.

Nilidhani Zadock ana homa.

"Mzee! Unaita polisi aje aone magendo?"

"Zeituni, sikiza. Sinema yote ni Kijaluo. Wahome ni Mkikuyu, atasikia nini? Wewe utashika maikrofoni umwambie Kiswahili. Hawa ni wainjilisti, wanapelekea wavuvi Biblia. Imeisha."

"Na kama..."

"Hafla bila mgeni rasmi ni hafla au ni matanga?"

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulijaa pomoni. Watu wamekaa mpaka juu ya kreti za soda, na Bakari mwenyewe yuko benchi la nyuma. Inspekta Wahome alikuja na sajenti wake, yule yule aliyechana nywele. Sajenti alikuwa anatoka jasho kabla televisheni haijawashwa.

Sinema ikaanza. Maua yakafunguka kwenye kioo. Halafu jina la Zadock likaandikwa ndani ya kopakopa mbili nyekundu, maana mashine ya Dishon haikujua kitu kingine zaidi ya harusi.

Ndipo uso wa kaka yangu ukatokea.

Uso! Si kisogo! Mpaka kovu la kidevuni lilionekana!

Nikamgeukia Zadock. Akatabasamu na kuinua mabega, eti hakuna uongo. Na Shitanda akasogea nyuma yangu na kile kisu.

"Tafsiri."

Nikainua maikrofoni.

"Huyu..." nikaanza. "Huyu ni mwinjilisti Bakari! Amebeba Biblia!"

Ukumbi ukalipuka. Wale wote wanasikia Kijaluo, na kwenye kanda Bakari alikuwa amesema, "Pokea sigara, mgongo unauma."

"Biblia nyingi hivyo?" OCS akauliza.

"Wavuvi wana dhambi nyingi, afande!"

Kicheko tena. Mdomo ulikuwa ushashika njia.

Zadock kwenye kioo akafungua katoni, akatoa sigara, akawasha, akapuliza moshi.

"Anafukiza ubani!"

"Walokole wanafukiza ubani?"

"Ni dhehebu jipya, afande!"

Mimi Mwislamu mtoto wa Mwislamu, Biblia niliyoijua ni ya kusikia redioni. Mistari ikaniishia. Nikamleta Nabii Musa, maana huyo ni wetu sote, nikamvusha Ziwa Victoria kwa miguu. Watu wakapiga makofi!

Sajenti akatokea, akapokea bahasha, akatabasamu. Kopakopa zikamzunguka kichwa.

"Mzee wa kanisa anapokea sadaka!"

Sajenti mwenyewe kwenye benchi akainama kufunga kamba za viatu. Alizifunga muda mrefu sana.

Halafu Bakari akarudi kwenye kioo. Safari hii amekaa ukingoni mwa boti, kamera iko karibu, anamtazama Zadock na kusema. Anasema kwa taratibu, maneno mengi. Macho yamelowa. Na kopakopa za Dishon zinapita juu ya uso wake.

Mimi nilikuwa nishapanda jukwaa kichwani mwangu. Nikapaza sauti juu ya sauti yake.

"Sasa mwinjilisti anaungama! Anasema alikula mbuta ya mchungaji! Nzima! Na kichwa!"

Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Watu walilia machozi. Shitanda alicheka mpaka kisu kikaondoka mgongoni mwangu.

Nisomeni vizuri hapo. Kisu kilikuwa kimeondoka. Ningeweza kunyamaza.

"Na mifupa akampa paka wa kanisa!" nikaongeza.

Nikatupa macho benchi la nyuma nimwone Bakari akicheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama mimi, na kichwa anakitikisa polepole.

Nikadhani ni hofu.

Sinema ikaisha kwa maua. Zadock akasimama, suti ya kijivu, akamkaribisha mgeni rasmi aseme mawili matatu.

Inspekta Wahome akainuka. Akaweka soda chini. Akakohoa.

"Osaore uru, jowadwa!"

Nyote hamjambo, watu wangu! Kwa Kijaluo!

Na si Kijaluo cha kuombea maji. Kilikuwa cha bondeni Kano kabisa, cha mtu aliyepigana nacho utotoni.

Sajenti akaziacha kamba za viatu.

"Mimi nimezaliwa Ahero," akaendelea. "Baba yangu alikuja kulima mpunga pale. Mafuriko yametubeba pamoja na nyinyi. Mama aliyeniogesha, mama yangu akiwa shambani, alikuwa Mjaluo." Akanigeukia na kuingia Kiswahili. "Zeituni, umenichekesha sana. Sasa kaa chini."

Miguu ikakaa yenyewe.

Shitanda alikimbilia dirisha. Dirisha likampokea nusu. Nusu nyingine ilibaki na sisi.

Kumbe watazamaji sita pale katikati walikuwa askari wasiovaa sare. Sajenti alivuliwa kofia hapo hapo. Na Zadock, pingu zikiingia mikononi, mnajua alisema nini?

"Dishon! Unashika hii? Shika uso!"

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kaka yangu. Askari wawili walikuwa wamesimama kando yake. Nikaruka mabenchi, nikamkumbatia.

"Afande, mwache! Ni mwinjilisti!"

Hakuna aliyecheka.

"Zeituni," Wahome akasema. "Pale kwenye boti, kaka yako alisema nini?"

"Alikuwa... anaungama."

"Nimekuuliza alisema nini. Ulisikia?"

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakikutoka kitu. Sikuwa nimesikia hata neno moja! Nilikuwa natafsiri Kijaluo, lugha ya mama yangu, kama nilivyotafsiri Kichina.

Wahome akairudisha kanda nyuma, akaongeza sauti. Mara hii bila mimi.

"Aol, Jaduong'," Bakari akasema kwenye kioo. Nimechoka, Mzee. "Uliniambia ni samaki, nikakuta sigara. Mara tatu nimekuambia nataka kuacha. Umesema nikiacha utanifunga jiwe unitupe ziwani. Leo nasema mbele ya kamera ili watu wasikie. Mimi sitaki kazi hii."

Na sauti ya Zadock ikajibu, kwa majivuno, kwa sababu alidhani inamfanya aonekane simba:

"Utaacha siku samaki watakula wewe."

Ukumbi ule ule. Watu wale wale. Mama mmoja mbele akajifunika uso kwa leso.

"Huyu ni shahidi wangu," Wahome akawaambia askari wake. "Msimtie pingu. Alichohitaji kusema alishasema." Halafu akaniangalia mimi. "Kama ningekutegemea wewe, leo angelala ndani na hao wengine."

Nikamshika Bakari mkono. Akautoa taratibu.

"Mimi ndiye nilimwomba Dishon asogeze kamera," akaniambia. "Zadock alitaka kisogo kweli. Nikamwambia Mzee, uso unauza sinema."

"Bakari, kwa nini hukuniambia?"

"Shitanda alikuwa kila mahali. Nikajua kanda lazima ipite kwako. Nikasema hata watu wote wakipuuza, dada yangu atanisikia."

Akachukua kofia yake akaenda na Wahome kuandika taarifa. Mimi nilibaki na maikrofoni mapajani. Nililia, jamani. Nililia mpaka kamasi.

Zadock alifungwa miaka saba. Naambiwa kule ndani alikuwa anawapanga wafungwa waigize. Sajenti alipoteza kazi. Ukumbi ukawa kanisa la kweli, lenye Biblia za kweli.

Bakari alikaa miezi minne bila kuongea na mimi. Alikuja siku ya Idd, akala pilau yangu, akasema ina chumvi nyingi, nikajua amenisamehe.

Leo ana wajukuu, yuko Port Victoria, anatengeneza injini za maboti. Na mimi maikrofoni sikuishika tena.

Wasomaji wangu, nyinyi hodari wa kuwasemea watu wenu. Mume hajamaliza, ushajua anataka nini. Mtoto analia, ushawaambia wageni ni deko. Rafiki anaandika ameshindwa na maisha, unamtumia vikatuni vya kicheko. Mnaweza kumpenda mtu kwa moyo wote na bado mkamzika kwa mdomo. Nyamaza kwanza. Msikie mpaka mwisho, ndipo useme.

Miaka zaidi ya thelathini imepita. Lakini Bakari akinipigia simu, hufika katikati ya maneno akasimama.

"Zeituni, unanisikia?"

Na netiwaki haina shida yoyote.