Fomu Nne za Ketsia

— Gentille, ulikuwa unajua mtoto wangu iko na ile ugonjwa?

Gentille alitazama sakafu. Alikuwa ameitwa kwenye kliniki hii ya Lilongwe kwa kazi yake ya kujitolea, kuwafuatilia watoto wanaoishi na VVU kule kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Hakuambiwa kwamba baba wa Ketsia, mmoja wa watoto hao, ameitwa pia. Na baba mwenyewe, aliyemwuliza swali hilo, ni Olivier, fundi cherehani, mwanaume aliyebakiza majuma matatu tu amwoe.

— Tangu mwezi wa pili. Jina lake liliingia kwa liste yangu ya watoto.

— Na ukanyamaza?

— Kazi yetu ni kutunza siri. Tena nilipenda uniambie we mwenyewe. Kila siku nilisema, leo ataniambia.

Nesi akapanga fomu nne mezani, zote kwa mwandiko wa Gentille: dawa zimehesabiwa, mtoto anameza vizuri. Juu ya fomu hizo akaweka karatasi ya maabara. Virusi vya Ketsia vimepanda sana, na mtoto ana miaka saba.

— Hizi dawa ulizihesabia wapi? nesi aliuliza.

Aibu ikamshika Gentille. Angeombaje chupa ya dawa bila kumuumbua mtu anayempenda? Kila jioni alikula kwa Olivier, akamwona Ketsia anacheka na kumaliza nsima yake, ugali wa huku, basi akaenda kujaza fomu. Alijidanganya, na alijua anajidanganya.

— Sikuhesabu. Niliandika tu.

Olivier akakaa chini.

— Saa ya dawa yake ni saa moja ya jioni, alisema polepole. Njo saa ulikuwa unakuya kula. Chupa nilikuwa naificha chini ya vitambaa, juu usiione. Nasema, akienda nitamupa. Ukienda, mtoto amekwisha lala.

— Olivier, ulikuwa unanificha mi?

— Niliogopa utanikimbia.

Gentille akalia bila kujificha. Swali moja tu, siku moja tu, lingemwokoa mtoto, na wote wawili walilimeza kwa sababu ya mapenzi.

— Unisamehe, Gentille alisema.

— Hata mi niko na kosa. Lakini harusi, tuiache kwanza.

— Mpaka lini?

— Atapimwa tena kisha miezi mitatu. Virusi vikishuka, tutaongea. Visiposhuka, kila nikikuangalia nitaona zile fomu. Siwezi kuoa hivyo.

Olivier akamchukua Ketsia, aliyekuwa akingoja kwenye benchi la nje, wakaondoka.

Gentille alirudi Dzaleka peke yake, akaomba liste yake apewe mtu mwingine. Kisha akaandika ujumbe kwa simu: “Olivier, nisikuye tena jioni?”

Jibu lilichelewa. “Usikuye. Lakini saa moja unipigie, uniulize kama amemeza.”

Saa moja kamili akapiga.

— Amemeza?

— Amemeza.

Simu ikakatwa.