Sahani Zisizoota Kitu

Mtoto alifariki asubuhi, siku kadhaa baada ya kuchomwa sindano, na kabla ya adhuhuri kiwanda kilikuwa kimeshampata wa kumbebesha kifo chake. Alikuwa mjazaji wa vichupa vya sindano, mama wa watoto wawili, ameketishwa kwenye benchi la getini na askari pembeni. Dawa aliyoijaza ilikuwa imeshakutwa na vijidudu, na glavu yake ya kushoto ilikutwa na tundu. Mnyonge hana haki, na huyu hakuwa na hata wa kumsemea.

Mkaguzi wa serikali alifika akiwa na hasira aliyoifungia vifungo vya koti jeupe. Kiwanda alikijua. Hapo ndipo alipoanza kazi, na ndipo Mwalimu, mkuu wa maabara, alipomfundisha kusema kwa herufi: SOP ni utaratibu wa kazi, OOS ni kipimo kilichovuka mpaka, CAPA ni hatua za kurekebisha kosa lisirudi. Watu wa pale walisema hivyo hata msibani. Mkurugenzi alimpokea kwa habari kwamba bechi moja ya dawa ina OOS na CAPA iko tayari. Maana yake, mtoto amekufa na mjazaji amefukuzwa.

"Shikamoo, Mwalimu," mkaguzi alisema alipoingia maabara.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa huko serikalini."

Mwalimu mwenyewe alimfungulia kabati la joto. Siku ya kujaza dawa, sahani za agari, ile jeli inayolisha vijidudu, huachwa wazi chumbani kwa muda wa saa nne zinase vinavyoelea hewani, kisha hufunikwa na kutiwa kwenye joto. Kama hewa ni chafu, huota madoa. Sahani sita za siku ya bechi ile hazikuwa na doa hata moja. Kwa hiyo hewa ilikuwa safi, Mwalimu akaeleza, na kilichobaki ni mkono wa yule mama. Akaongeza kwa fahari kwamba kazi ya sahani hajawahi kumwachia mtu.

Mkaguzi aliiinua moja, akaitazama kwa ubavu. Jeli ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na chini ya kifuniko kulikuwa na matone ya maji. Aliomba sahani mpya ya aina ileile, akaiweka wazi kwenye chumba cha kujazia, feni zikivuma kama siku ya kazi, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Kisha akaenda kuuliza. Mjazaji hakukana tundu; alisema glavu ilichanika mwishoni, alipokuwa akifungua mashine, na vichupa vyote vimeshazibwa. Lakini nani wa kumwamini? Fundi wa hewa naye alijibu huku akikwepa macho, mkaguzi akadhani amempata mkosaji, mpaka alipombana.

"Nilisema, mama mkaguzi," fundi akanong'ona. "Nilisema mpira wa chujio la hewa umepasuka. Mkurugenzi akaniambia sahani hazioti kitu, nisiwasimamishie watu kazi. Mwalimu alikuwepo. Alinyamaza."

Saa nne zilipotimia, mkaguzi aliwaita wote maabara, mjazaji akiwa na askari wake. Akaiweka sahani yake kando ya zile sita. Jeli yake ilikuwa imesinyaa na kujitenga na ukingo, juu imekauka kama uji uliosahaulika mezani.

"Hivi ndivyo upepo wa chumba kile unavyofanya," alisema. "Hizi zako zina maji mpaka kwenye kifuniko. Hazikufunuliwa hata kidogo, Mwalimu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta.

"Zilikuwa zinaota," alisema. "Niliripoti, nikaambiwa nirudie. Nikarudia, zikaota. Nikaulizwa kama kazi imenichosha. Wewe uliondoka, mwanangu. Mimi ningekwenda wapi na umri huu? Nikaziacha zimefunikwa. Kila mtu akafurahi."

"Na huyu mama?"

Hakumtazama. "Nilidhani watampa onyo tu."

Mjazaji alicheka, kicheko kibaya cha mtu aliyelia mpaka akaishiwa. Askari akamwacha, akasogea upande wa pili wa chumba. Mkaguzi alitamani kumtukana mzee yule, akashindwa, kwa sababu mikono iliyofunika sahani ndiyo iliyomshika mkono wake akijifunza kuzifunua, na hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe.

Mkurugenzi alimfuata mpaka kwenye gari, akisema kwa sauti ya chini kwamba taarifa ingetosha kuandika OOS, chanzo EM, hatua CAPA. EM ni uangalizi wa mazingira. Mkaguzi alimwambia taarifa itasomwa na mama wa marehemu, na yule hajui herufi zao.

Akaketi garini, akaandika kwa maneno kamili: mpira wa chujio ulipasuka, mkurugenzi aliambiwa akapuuza, mkuu wa maabara alizifunika sahani. Mtoto akafa. Alipofika kwenye jina la aliyemfundisha kazi, kalamu ilisita. Akaliandika lote.