Wanane wa Kitswamba

Dada yangu Mayimuna alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika duka moja mjini Kasese, na kwa miaka mitatu alisafiri kila siku kutoka kwetu Bwera, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Karibu kila alichopata kiliishia kwenye nauli. Mwaka jana, baada ya Idi, akachoka. Akapanga muzigo huko Kitswamba, chumba kimoja cha kulala na kupikia, kama wengine wengi wanaofanya kazi mjini lakini hawawezi kulala mjini.

Vyumba vilikuwa vinane kwenye safu moja. Mabati yameshika kutu, bomba ni moja, maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Mwenye nyumba aliitwa mama Edisa, mjane mpole, mwenye sauti ya chini. Kodi yake ilikuwa ndogo kuliko zote za pale, na hakutaka malipo ya mbele. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama yako anaitwa nani?"

Mayimuna akamtajia. Mama Edisa akalirudia jina lile bila sauti, midomo tu ikicheza, kisha akampa ufunguo.

Mwezi haukuisha kabla dada yangu hajaanza kuamka amechoka kuliko alivyolala. Mgongo ulimuuma. Ngozi ya vidole ikapasuka, sindano ikawa haishikiki. Alidhani ni sabuni ya kufulia. Asubuhi moja akiwa bombani alimwona jirani yake Yosamu, mwashi ambaye hajafika miaka thelathini, akitembea ameinama kama mzee. Viganja vyake vilikuwa vimechanika vilevile.

Yosamu akatazama huku na huku. Akanong'ona, "Na wewe pia?"

Mayimuna alipeleka kidole mdomoni. Kilikuwa na ladha ya chumvi.

Mwezi wake wa tatu pale, mwenye duka alimtuma Katwe, kwenye ziwa la chumvi, kupeleka sare. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika huko. Saa tano ya asubuhi, jua kali, watu wako majini wanavuna chumvi. Alipopita kando ya ziwa, mama mmoja akasimama kwenye tope, akamkunjia uso.

"Mayimuna. Leo umechelewa."

Dada yangu akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama, tunajuana?"

"Si mimi Rahmah? Tuko pamoja kila siku." Yule mama akaonyesha kisehemu cha ziwa kilichozungushiwa vijiti. "Pale ndiyo nafasi yenu. Munakujaga mbele ya jua, muko watu nane. Hamusemagi kitu. Mimi nasikiaga mutu anakuita tu jina yako na ya mama yako, unainama, unachota. Jua ikitoka, sisi hatuwaoni tena."

"Ile sehemu ni ya nani?"

"Ya mama moja wa Kitswamba. Yeye hafikagi hapa."

Kutoka Kitswamba hadi Katwe ni safari ndefu hata kwa gari. Mayimuna alitazama kile kisehemu. Ndani ya tope palikuwa na mashimo ya miguu, jozi nane, kwa mstari. Akavua kiatu. Akaweka mguu kwenye shimo la tatu, ukaenea sawasawa. Chumba chake kilikuwa cha tatu.

Jioni ile alimwita Yosamu, akamweleza yote. Yosamu alisikiliza hadi mwisho.

"Tuhame," dada akasema. "Kesho."

"Tuende wapi?" Yosamu hakuinua macho. "Kodi ya kwingine nitaitoa wapi? Watoto wangu wako shule Maliba. Hapa angalau iko mlango."

Akarudi chumbani kwake. Akafunga.

Mayimuna alihama peke yake. Kazi aliipoteza, maana nauli ya Bwera ilikuwa imepanda tena. Alilala nyumbani, kitanda kimoja na mama yetu. Shehe alimsomea siku saba. Haikusaidia. Kila asubuhi shuka lilikuwa na damu ya vidole, na nywele zake zilikuwa zimelowa. Akapungua. Akaacha kula. Siku moja aliniambia, "Shafic, nataka kupumzika tu. Siku moja tu."

Alifariki Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea. Nilifungua mafundo ya sanda kwa mikono yangu, la kichwani, la kiunoni, la miguuni. Vile vitambaa vya kufungia, vinavyonukia kafuri, niliviacha palepale, pamoja naye. Tukafukia.

Jumatatu nikapita Kitswamba kuchukua godoro lake. Chumba cha tatu kilishapata mtu, msichana aliyeanza kazi ya kuuza dawa mjini. Alifurahi sana kupata mahali pa bei ile. Nilitaka kumwambia. Mama Edisa alikuwa amekaa mlangoni, ananitazama, anatabasamu. Nikabeba godoro, nikaondoka.

Siku iliyofuata nikaenda Katwe kumpa Rahmah habari. Aliniacha nimalize.

"Amekufa lini?"

"Ijumaa."

Rahmah akashusha ndoo yake. "Leo walikuwa tisa," akasema polepole.

Nilitembea hadi kwenye kile kisehemu cha vijiti. Lundo la chumvi mbichi lilikuwa bado linadondosha maji. Juu yake palikuwa na kipande chembamba cha kitambaa cheupe, kimezungushwa mara tatu, kama mtu alikuwa amefungia kidole kilichopasuka, kikachomoka. Kilikuwa na damu. Nikakiokota.

Kilinuka kafuri.